Tuiteni kwa Kazi Yetu: Ilani ya Kitisuru

Sisi tuliokutana Jumapili alasiri nyuma ya kitalu kimoja cha miche, kando ya Barabara ya Lower Kabete, tukiwa watu 14, tumekubaliana kuandika. Kati yetu wamo wauguzi wawili, mhasibu, mpishi, mlinzi wa usiku, mwalimu wa chekechea, mwenye kitalu mwenyewe, na wengine ambao kazi zao hatutazitaja kwa sababu zingewatambulisha. Mimi niliyekabidhiwa kalamu ni injinia wa mjengo. Tunaishi ama tunafanya kazi Kitisuru, Loresho, Kyuna, Spring Valley na Kibagare. Kinachotuunganisha ni kwamba jinsia yetu haikai mahali pamoja. Kuna siku mmoja wetu huamka akiwa mwanamke, akavaa na kutembea hivyo. Kuna siku huamka akiwa mwanamume. Na kuna siku hayuko upande wowote. Siku zote hizo, saa moja asubuhi yuko kazini. Na karibu sote tuna watu chini yetu ambao kazi inawataka watusikilize.

Tumeitwa vigeugeu. Neno hilo tunalikataa mwanzo kabisa, kwa sababu linatubandika tabia ambayo si yetu. Kigeugeu ni mtu aliyeahidi Jumatatu akakana Jumanne. Mwenzetu mhasibu amefunga vitabu vya kampuni kila mwisho wa mwezi kwa miaka tisa, mwezi huu akiwa na sketi, mwezi ujao akiwa na tai, na hesabu zimelingana. Anayetaka kumwita kigeugeu na aonyeshe shilingi iliyopotea.

Nitaeleza lililonipata mimi, kwa kuwa ndilo lililotufanya tukutane.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa mbili, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mtoni, na siku hiyo tulikuwa tunamwaga slabu. Siku ya slabu haina mchezo. Mashine ya kukorogea ikishawashwa haitakiwi kusimama mpaka kazi iishe. Vibarua hupanga mstari, karai likapita mkono kwa mkono, na kila mmoja anatamani mchanganyiko uwe mwepesi ili mabega yapumzike. Hapo ndipo mtu huongeza maji. Mchanganyiko wenye maji mengi humwagika vizuri na kulala vizuri, ila ukikauka hauna nguvu, na hakuna anayeuona udhaifu huo kwa macho.

Nilikuwa nimevaa buti, suruali ya kazi, helmeti na reflekta kama kila siku. Nilikuwa pia na hereni mbili za shaba, wanja machoni na kucha zilizopakwa rangi ya zambarau. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefika na ndevu za siku tatu, nikainua mkono tu, na mashine ikazimwa kabla sijafungua mdomo.

Nilichukua chombo cha kupimia mchanganyiko, kile cha chuma chenye umbo la pia, nikakijaza, nikakichomoa. Rundo likatandazika kama uji. Nikasema, "Mzee, simamisha. Hii hatumwagi." Fundi mkuu, mtu aliyenizidi miaka ishirini na ambaye namheshimu kwa mikono yake, alizitazama hereni, akatazama kucha, kisha akamgeukia kijana wa chuo aliyekuwa na wiki sita pale mjengoni akijifunza kazi. "Wewe unasemaje?" akamuuliza. Karai zikaendelea kupita. Nikasema tena. Karai zikaendelea.

Kijana akajibu kwa maneno mawili: "Injinia ameshasema."

Mashine ikazimwa. Tulitumia saa nzima kuondoa kwa sepetu kile kilichokuwa kimeshamwagwa, na mimi nikiwa mmoja wa walioshika sepetu. Kijana yule hakusema neno kuhusu hereni, wala hakuwaomba wazee wanivumilie. Alinipa jina la kazi yangu, na jina hilo likatosha kuzima mashine. Nimelifikiria jibu lake kwa miezi mingi sasa. Ilani hii yote imo ndani yake.

Jioni mwenye nyumba alinipigia simu. Alikuwa ameshaambiwa. "Chagua moja," akasema. "Ukija bwana, njoo bwana. Ukija mama, njoo mama. Watu wangu wanachanganyikiwa." Hawakuwa wamechanganyikiwa. Fundi mkuu alikuwa amekula githeri nami kwa mama wa chai kwa miezi minne, siku za ndevu na siku za wanja. Alijua mimi ni nani na alijua kwamba maji yamezidi, maana ujuzi huo alikuwa nao kabla sijazaliwa. Alichokosa siku ile ni jina la kunitii kwalo. Bwana hakuweza kuniita, mama hakuweza kuniita, na kwa nukta chache hizo akaona hakuna mtu aliyesimama mbele yake.

Wengine watasema hili ni jambo la hisia. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, upande wa pili wa mji huu, na watu wasiopungua 50 wakafa. Jengo lilikuwa limeshatajwa kuwa halifai kukaliwa, na amri haikufuatwa. Kila anayefanya kazi ya mjengo Nairobi anaikumbuka Huruma. Sampuli za mchanganyiko wetu huvunjwa kwenye mashine ya maabara siku ya 7 na siku ya 28, na namba inayotoka haijui aliyesimamia alivaa nini. Amri ya msimamizi isiposikika, anayelipa ni mpangaji atakayelala chini ya ile slabu.

Mwenzetu muuguzi ana kisa chake, na kwa maoni yangu kinazidi changu. Anayelazwa hospitali za Nairobi atakwambia kwamba muuguzi wa kike huitwa sista na muuguzi wa kiume, mara nyingi, huitwa daktari. Sare ni ile ile, cheti ni kile kile. Mwenzetu huyu akifika Jumatatu akiwa amenyoa kichwa na kuvaa suruali, wagonjwa humwita daktari, jamaa zao husimama akiingia, na akisema dawa itolewe saa nne hutolewa saa nne. Akifika Alhamisi na kilemba na hereni, anakuwa sista, na jamaa wa mgonjwa humuuliza daktari yuko wapi ili athibitishe. Kwa wiki moja anapandishwa cheo na kuteremshwa, na watu wasio na habari kwamba wanafanya hivyo. Alituambia kwamba siku moja, Alhamisi, alikataza dawa isichomwe kwa sababu kipimo kilikuwa kimeandikwa vibaya kwenye faili. Aliyekuwa na sindano alisita, akasubiri mtu mwingine aseme. Mgonjwa alipona. Mwenzetu amebaki akijiuliza ingekuwaje kama huyo mwingine angechelewa.

Kisa hiki kinafunua jambo ambalo wanawake wa nchi hii wamelijua muda mrefu kuliko sisi. Kila sista anayeulizwa daktari yuko wapi analijua. Wangari Maathai na wenzake walilijua katika miaka ya 1970 pale Chuo Kikuu cha Nairobi, walipopigania marupurupu sawa na ya wahadhiri wanaume, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa alidhaniwa kutunzwa na mumewe. Mwaka 1989, alipopinga jumba la ghorofa 60 kujengwa Uhuru Park, Rais Moi alimkumbusha hadharani kwamba mwanamke kwa mila huheshimu wanaume na kunyamaza. Hatukuja kushindana na wanawake wala kuwapokonya nafasi. Sisi tunapita katika mlango waliousukuma wao, na ambao baadhi yetu tumeusukuma pamoja nao siku ambazo tumeonekana wanawake. Tofauti yetu ni kwamba tumeonja pande zote mbili kwa mwili mmoja, na tunaweza kushuhudia: heshima ile ile, ya mtu yule yule, hupanda na kushuka kwa kitambaa.

Sasa tuseme juu ya lugha, maana hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliko sheria yoyote.

Kiswahili hakina neno la kumtenga yeye wa kike na yeye wa kiume. Anakuja, amesema, ameagiza: kitenzi hakiulizi. Na majina yetu makubwa ya mamlaka hayana jinsia. Mwalimu ni mwalimu. Hakimu, mwenyekiti, nahodha, fundi, kiongozi, mheshimiwa, daktari, injinia, meneja: hakuna hata moja linalomtaka mtu avue nguo kwanza. Katika kituo chochote cha polisi cha Kenya, askari wa kike huitwa afande na wa kiume huitwa afande. Neno hilo lilitoka kwa Waturuki, likaletwa huku na askari, na sasa ni letu, na anayelitumia anakiri tu kwamba mbele yake kuna mtu mwenye madaraka. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilichagua ndugu, ikamwita hivyo waziri na mkulima, mume na mke.

Mahakama yetu wenyewe ilifanya hivyo. Willy Mutunga alipokuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, ilielekezwa majaji waache kuitwa mabwana na mabibi wa Kiingereza cha kale, waweze kuitwa kwa Kiswahili mheshimiwa. Na Mutunga huyo tunataka kumkumbuka kwa jambo jingine pia. Alipohojiwa kwa kazi ile, aliulizwa hadharani juu ya hereni aliyoivaa sikioni, na watu wakataka kujua ni mwanamume wa aina gani. Alijibu maswali yao, akasema hereni haitoki hata kama kazi itamponyoka. Aliapishwa nayo Juni 2011, akawa rais wa kwanza wa Mahakama ya Juu, na kwa miaka mitano mawakili wakubwa wa nchi hii waliinama mbele ya hereni hiyo. Hakuwa mmoja wetu, na hatudai hivyo. Tunachosema ni kwamba Kenya imeshaona mtu mwenye mamlaka makubwa akikataa kuacha pambo lake mlangoni, na kazi ikafanyika.

Kwa hiyo tatizo letu halikuzaliwa katika Kiswahili. Tumejiletea wenyewe mazoea ya bwana mkubwa na madamu, na huku Kitisuru yameota mizizi kuliko kwingine, kwa sababu mtaa huu uliumbwa na kuta na milango, na kila mlango una mtu wa kufungua na mtu wa kufunguliwa. Sikilizeni majina tunayowapa wanaofanya kazi ndani ya kuta hizo. Mzee wa miaka 55 aliyeotesha nyasi, akapogoa ua na kuujua kila mche kwa jina, anaitwa shambaboi. Mwanamke aliyelea watoto watatu wa nyumba mpaka wakamaliza chuo anaitwa hausigeli. Watu hawa hawajabadili jinsia. Jina la jinsia limetumika kwao kama kamba ya kuwafunga utotoni wasije wakasema neno. Mpishi aliye mwenzetu ndiye aliyetuonyesha haya, na tangu aseme hatuwezi tena kudai jina letu bila kudai lao. Wao ni watunza bustani, ni wapishi, ni walezi, na wana majina yao ya kuzaliwa. Tuanze na hao.

Wapo waliotuuliza kwa upole, tena watu wanaotupenda: kwa nini usivae kawaida kazini, mambo yako ukayaacha nyumbani? Nitajibu kwa nafsi yangu. Kwa miaka saba nilifanya hivyo. Kila nilipotaka kutoa amri nilishusha sauti kifuani, nikapanua miguu, nikakunja uso. Niliigiza mtu. Nusu ya akili yangu ilikuwa juu ya nguzo na nusu ilikuwa juu ya sauti, na mara mbili katika miaka hiyo nilisahau jambo ambalo injinia hasahau, nikaokolewa na mafundi. Mlinzi wetu wa usiku anasema kwamba kinachomchosha zaidi ya baridi ya Julai ni kukaa akijilinda mwenyewe huku analinda lango. Mwajiri anayetutaka tujifiche analipa mshahara mzima na kupata nusu ya mtu.

Wapo pia watakaosema haya si desturi zetu. Desturi tunaziheshimu, na tunaomba zisomwe zote. Kwa Wanandi, na kwa namna zao Wakamba, Wakisii na Wagikuyu, mwanamke aliweza kumtolea mwanamke mwingine mahari, na kuanzia hapo wazee wakamhesabu kuwa mume wa nyumba, mwenye ardhi na mifugo, na watoto wa mke wake wakawa watoto wa mji wake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi. Hatusemi wale akina mama walikuwa kama sisi. Wengi walifanya hivyo ili nyumba isizimike. Tunasema wazee wetu walijua kukabidhi wadhifa wa baba kwa mtu asiyekuwa mwanamume, kisha wakautii wadhifa huo bila kuona ulimwengu umeanguka.

Sheria nayo haijatuacha mikono mitupu. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na katika orodha yake, pamoja na rangi, dini, ulemavu na kabila, limo neno mavazi. Kilisomeni wenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 ina orodha yake na neno hilo halimo, lakini Katiba ndiyo mama, na fungu la tano la kifungu hicho cha 27 linamfunga mtu binafsi kama linavyoifunga serikali: mwajiri wa Kitisuru hana kisingizio kwamba yeye si serikali. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir aliliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Alikuwa amefaulu KCSE vizuri sana na kumaliza shahada, lakini cheti chenye jina la kiume kilimfungia ajira kila alikokwenda. Mahakama iliona kwamba alama za mtihani hazitolewi kwa jinsia, kwa hiyo kuiondoa jinsia hakukipunguzii cheti kitu chochote. Sisi tunataka hoja hiyo hiyo ivushwe kutoka kwenye cheti mpaka kwenye mjengo, wodi na jikoni. Na Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi milioni moja mwanamke aliyevuka jinsia ambaye utu wake ulivunjwa mikononi mwa dola.

Hatujidanganyi juu ya upande wa pili. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vipo, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Vinahusu vitendo vya kingono, havisemi lolote juu ya mtu kuvaa hereni kazini, lakini anayetaka kumtisha mtu hukimbilia hapo. Aprili 2022, huko Karatina, mwenzetu mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa hoteli aliuawa chumbani mwake. Tulisimama kimya kwa ajili yake kabla ya kuanza mkutano. Kwa hiyo hakuna atakayelazimishwa na umoja huu kujifunua. Anayeona siku yake haijafika, tutamtunzia siri, na atakuwa na sauti mkutanoni sawa na yetu.

Tunachodai ni hiki. Tuitwe kwa kazi zetu: injinia, muuguzi, mhasibu, mpishi, mlinzi, mwalimu, au kwa majina yetu, au kwa ndugu, au mkubwa, kama mdomo umezoea heshima na hautaki kukaa mtupu. Fomu za kazi ziache kuuliza Bwana au Bibi pale ambapo jibu halibadilishi kazi. Masharti ya mavazi yatokane na kazi yenyewe: kinacholinda kichwa, kinachozuia vijidudu, kisichonaswa na mashine, na yawe sawa kwa wote, anayekataza wanja wangu na aniambie unaidhuru slabu namna gani. Langoni, mtu anayekaguliwa aulizwe nani amkague, badala ya walinzi wawili kubishana juu ya mwili wake mbele ya foleni. Mkubwa wa kazi akisikia amri ya mmoja wetu ikipuuzwa, asiirudie yeye kana kwamba ndiye aliyeitoa. Aseme, "Ameshasema." Neno hilo lina thamani zaidi kwetu kuliko semina kumi.

Juu ya semina: Chuo cha Serikali cha Kenya kiko hapa hapa kwetu Lower Kabete. Kilianza mwaka 1961 kama Taasisi ya Utawala, na maafisa wakubwa wa nchi hupita pale kufunzwa kuongoza. Tutakiandikia barua, kwa Kiswahili, tukiomba kwamba somo la uongozi litaje watu kama sisi, na tutajitolea kwenda kulifundisha bila malipo.

Na sisi tunajifunga. Kila mmoja wetu akianza kazi mpya atataja jina lake na wajibu wake mbele ya wote asubuhi ya kwanza, kabla hajatoa amri yoyote. Amri nzito tutaziandika kwenye daftari la kazi, na saa, na sahihi, ili kesho asiwepo wa kusema hazikutolewa. Hatutashusha sauti kifuani. Hatutamtukana kibarua ili kuthibitisha ukubwa: kati yetu wapo waliowahi kufanya hivyo, nami ni mmoja, kwa kuwa aliyenyimwa heshima juu huitafuta chini, na tumeazimia ikome. Atakayemnyanyasa aliye chini yake hana kiti kwetu.

Na mmoja wetu akiitwa ofisini kujieleza, asiende peke yake. Sehemu ya 41 ya Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, na kuwa na mfanyakazi mwenzake chumbani, kabla hajafutwa. Wengi hufutwa wakiwa hawajui hilo. Tafuteni mapema huyo mwenzenu. Si lazima awe kama wewe. Wangu ni yule fundi mkuu. Baada ya siku ya slabu nilimfuata, nikakaa naye juu ya mawe, nikamwambia, "Mzee, mimi niite injinia tu, siku zote." Alitafuna ncha ya kijiti muda mrefu. Kisha akauliza, "Hiyo tu?" Nikamwambia hiyo tu. Kesho yake nilifika na rangi ya kucha ile ile, naye akapiga kelele tokea juu ya jukwaa ili vibarua wote wasikie: "Injinia, njoo uone hii nondo!"

Hatuna ofisi na hatuna mfadhili. Kila mmoja alitoa shilingi 200 za chai na karatasi. Jina la umoja bado hatujalichagua, na tutakapolichagua tutakwenda kujisajili mchana kweupe, kwa kuwa tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba haki ya kuungana ni ya kila mtu, na mtu hawezi kunyimwa usajili kwa sababu ya alivyo.

Tunakutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri. Ukitaka kuja, zungumza na mmoja wetu naye atakuelekeza. Ukifika utamkuta mwenye kitalu mlangoni na daftari. Utamtajia jina unalotaka kuitwa, na utamtajia kazi yako. Daftari lina safu hizo mbili tu.